Wakaguzi kwa Daktari Garrick

Benchi letu liko mbele ya duka la mikate la mji wetu, Wirrin, na kliniki iko ng'ambo ya barabara. Anayeingia kwa Daktari Garrick tunamwona, anayetoka tunamsoma uso. Asubuhi ile ya Julai baridi ilikuwa ya kukata masikio. Tulikuwa wanne kama kawaida: Spana, fundi magari mstaafu, Noeline, tunayemwita Redio kwa kuwa habari zote za mji huanzia kwake, Kocha, aliyefundisha timu ya mpira mpaka vijana wakaisha mjini, na mimi. Kahawa tulikuwa nayo mkononi ila hakuna aliyekuwa akiinywa. Gari jeupe, geni, lilikuwa limeegeshwa pale kliniki. Wakaguzi wa afya walikuwa wamefika.

— Wako wawili, alisema Redio. Wanakagua kila kitu. Dawa, friji ya chanjo, mpaka wagonjwa wanaulizwa wanatibiwaje.

— Watafunga, alisema Kocha. Hata benki walianza hivihivi. Tumekuja kuangalia tu, wakasema.

— Benki na kliniki wapi na wapi?

— Mlango ni mlango, mama. Kufuli wanalo kwenye buti, nakwambia.

Redio akashusha sauti.

— Yule aliyenunua pai jana, anachechemea, mnamkumbuka? Kule si kuchechemea kwa mtu aliyeumia. Yule katumwa.

— Kufanya nini?

— Kutusikiliza sisi.

Kocha akageuka kuangalia nyuma yake.

— Basi ngoja niwaambie lingine. Wakishafunga kliniki, wanafunga na duka la dawa. Halafu linakuja basi, wazee wote ndani, tunakwenda kumwagwa kwenye nyumba za wazee Sydney. Mimi sipandi. Watanikuta nimejifungia bafuni.

Siku nyingine tungecheka.

— Sikilizeni, alisema Spana. Wakija kutuuliza, jibu ni moja. Daktari ni mzuri. Basi.

Hakuna aliyemtazama. Kiangazi kilichopita kaka yake, Vern, aliingia mle akilalamika kifua. Daktari Garrick alimwambia ni gesi, akampa vidonge. Vern alikutwa amekufa juu ya trekta lake, injini bado inanguruma.

— Wewe ndiye wa kusema hivyo, Spana? Redio aliuliza polepole.

— Alikuja mazishini. Alilia kuliko mimi. Ni mzee, kachoka, yuko peke yake. Huyu akiondoka, daktari mwingine yuko Tullamarra, mbali huko. Shikwa na kifua usiku, kangaruu wamejaa barabarani. Unataka kufia njiani?

— Sitaki kufia popote.

— Basi ni mzuri.

— Haya, ni mzuri, Redio akasema. Kocha akaitikia kwa kichwa. Nami nikaitikia.

Hatujakaa sana, akaja mama mmoja kijana, mgeni, aliyehamia wiki ile kwenye nyumba ya zamani ya stesheni. Alikuwa amembeba mtoto ndani ya blanketi. Pumzi za yule mtoto tulizisikia kabla hajafika kwenye benchi, fupifupi, kama za mtu aliyetoka mbio.

— Samahanini. Yuko hivi tangu alfajiri. Yule daktari pale, ni mzuri?

Neno tulikuwa nalo, tumekubaliana muda huohuo. Nikafungua mdomo, halikutoka. Redio akamtazama Kocha. Kocha akatazama kikombe chake. Yule mama akatupitia mmoja mmoja usoni, na nikaiona hofu yetu ya asubuhi nzima ikihamia kwake.

Spana akasimama.

— Twende.

— Ni mzuri?

— Twende, mwanangu. Mwambie amvue shati. Asikilize kifua, akimaliza mwambie asikilize tena. Akisema si kitu, usinyanyuke kwenye kiti. Kaka yangu alinyanyuka.

Wakavuka. Kupitia kioo tulimwona Spana amevua kofia katikati ya chumba cha kungojea, anasema, mkono uko kifuani mwake. Wakaguzi walikuwa wameketi palepale. Mmoja aliacha kuandika. Daktari Garrick alitokea mlangoni, akasimama kumsikiliza mpaka mwisho. Kisha akampokea mtoto mwenyewe.

— Kawaambia, alisema Redio.

— Katumaliza, alisema Kocha.

Gari la wagonjwa lilikuja likawabeba kwenda Tullamarra, mama, mtoto, na daktari ameshika barakoa ya hewa usoni pa mtoto. Keshoye tulisikia kwamba ni nimonia na kwamba atapona. Lakini saa ile hatukujua lolote. Spana alirudi akaketi.

— Sasa watafunga? aliuliza Redio.

— Sijui, alisema Spana.

Kliniki ilikuwa tupu, na Wirrin nzima haikuwa na daktari. Kocha akakohoa. Sote tukageuka kumtazama.