Ukaguzi wa Pili ni Upotevu

Mjini Wichita, benchi linalotazamana na geti la kiwanda cha ndege za kivita lina wenyewe, na siku hiyo Wanda Kroeker, mkongwe wao, alikuwa amenuna. Kazi yake ilikuwa kukagua boliti za mabawa mara ya pili. Asubuhi hiyo wakubwa walitangaza kwamba ukaguzi wa pili ni upotevu, na atakayerudia bawa lililokwisha kukaguliwa atafukuzwa. Wanda akahamishiwa kupaka mistari ya rangi sakafuni, ili kila ndoo ipajue kwao. Wenzake, waliomwita Jicho, walikuja na kahawa kumfariji, yaani kumkera.

— Jicho, acha kununa, alisema Delbert, aliyebandikwa jina la Semina kwa sababu alihudhuria moja tu, akarudi anatembea kama mkurugenzi. — Wajapani wanaounda magari walilijua hili zamani. Kisichomfaa mteja, toa!

— Kwani mteja hataki bawa?

— Bawa analitaka. Hataki kukulipa wewe ulikodolee macho.

Lonnie Redio, asiyenyamaza hata mdomo umejaa donati, akadakia:

— Basi tusiishie hapo. Matairi ya nini? Ndege kazi yake iko hewani.

— Inatua, we! alisema Wanda.

— Mara moja moja! Na huyo rubani? Safari nzima kakaa tu kitini.

— Sasa umeanza kuelewa, alisema Semina, na wala hakuwa anatania. — Hata adui. Tungepatana naye aje kwa ratiba, tusingeweka makombora stoo.

— Mpigie basi, mwambie Jumanne tuna kikao! alisema Redio.

Wanda alicheka, kisha akajichukia kwa kucheka.

Hapo akasimama mbele yao binti aliyevaa ovaroli ya kijani ya jeshi la anga, kikombe mkononi.

— Samahani, wakubwa. Ile ndege iliyotoka leo, kesho naijaribu angani mimi. Niliambiwa hapa mabawa hukaguliwa mara mbili. Yangu mara ya pili kayakagua nani?

Redio akasogea kumpisha nafasi benchini.

Wanda alimtazama binti usoni. Yeye mwenyewe aliogopa kweli: kwa umri wake wa uzee, mji ule usingempa kazi nyingine.

— Bado, mwanangu. Keti unywe kahawa, naenda sasa hivi.

— Jicho, watakufukuza! Semina alinong'ona.

— Basi waje wanifukuzie huko huko juu ya ngazi, kwenye bawa, alisema Wanda, akavuka barabara.