Sanduku la Kalamu za Onesmus

Kijiwe cha Mama Akol kilikuwa kando ya barabara iendayo bandari ya mtoni, Juba, ukishapita maduka ya saruji, pale malori yalipolazimika kupunguza mwendo kwa sababu ya shimo lililokuwa likiahidiwa kokoto kila mwaka. Palikuwa na turubai la buluu lililokwisha kupauka, benchi moja la mbao, viti vya plastiki vilivyoshonwa kwa waya, na jiko la makaa ambalo Anyieth, ndiye Mama Akol mwenyewe, alilipepea huku akichungulia barabarani kujua nani anapita na kabeba nini. Msidhani ni umbea. Ilikuwa Desemba, na kura ya kuamua kama Kusini itabaki na Kaskazini au itajitenga ilikuwa Januari. Mji mzima ulikuwa umechoka na redio, ukaanza kusoma mizigo ya watu. Mgeni akionekana na begi jipya asubuhi, habari zilifika Gurei, ukingoni mwa mji, kabla yeye hajafika uwanja wa ndege.

Onesmus alilijua hilo vizuri, na bado Jumamosi hiyo akaja kijiweni na kalamu zake zote ndani ya soksi. Alikuwa Mkenya, ofisa wa mikopo katika benki moja mjini, na kijiweni walimwita Wino kwa sababu ya hizo kalamu: kalamu za wino, zile zinazofyonza kutoka kwenye chupa, ambazo alizikusanya kama wengine wanavyokusanya mbuzi. Ya kwanza ilikuwa ya marehemu baba yake, karani wa mahakama Kericho. Kila moja ilikuwa na soksi yake. Mfukoni alikuwa na kitu kingine ambacho hakumwonyesha mtu, tiketi ya ndege ya Jumatatu, kwa sababu mkewe Millicent alikuwa amelia kwenye simu wiki nzima mpaka na yeye akaanza kuogopa.

Kuogopa si kosa. Lakini wiki mbili nyuma Anyieth alikuwa amemwuliza, kwa kuwa watu wa benki hujua mambo, kama awalete watoto wake kutoka Kakuma, kambi ya wakimbizi huko Kenya walikokuwa na bibi yao, au angoje kura ipite. Onesmus akamjibu kwa ile sauti anayoivaa mbele ya wateja: "Walete, Mama Akol. Hapatakuwa na chochote." Sasa watoto na bibi yao walikuwa Lokichoggio, mpakani, nyumbani kwa dereva aitwaye Levi, na lori la Levi lilingoja simu ya Anyieth tu ili liwapakie mchana huo. Simu yenyewe ilikuwa pale kwenye magoti yake, juu ya kanga. Kila Onesmus alipoiona, aliinua kikombe chake cha kahawa ajifiche nyuma yake.

Gedi akavuka barabara na sanduku jeusi kwapani, lile ambalo Onesmus alikuwa amemwagiza kwa ajili ya kalamu. Huyu alikuwa Msomali wa Garissa, mwenye duka upande wa pili, na walimwita Waranti kwa sababu hakuna alichouza bila kukiwekea dhamana ya mdomo.

— Hili hapa, Wino. Plastiki ngumu, wallahi. Lori likilikanyaga, lori ndilo linaumia. Waranti miaka miwili.

— Waranti ya nani? akauliza Makuei.

— Yangu.

— Na wewe waranti yako iko na nani?

Makuei alikuwa mwanajeshi zamani, sasa akilinda geti la shirika moja la misaada. Kiswahili chake alikitoa Kakuma, na jina la Chekpointi alilipata kwa kutoweza kuona begi bila kulihoji. Akalichukua sanduku, akalipima uzito, akalinusa kwenye bawaba, kisha akalifungua juu ya benchi. Ndani mlikuwa na sponji nyeusi nene, na katikati ya sponji palikuwa pamekatwa shimo lenye umbo la kiwiko: upande mmoja mrefu, mwingine mfupi.

Watu wote wakainama.

— Hapa kulikuwa na nini? Makuei akauliza.

— Sponji.

— Sponji naiona. Hii shimo, Waranti. Hii shimo ilikuwa inalaza nini?

— Draya ya nywele.

— Draya! Na hili jua la Juba, nani anakausha nywele na stima?

Makuei akaingiza kiganja kwenye shimo, akakunja kidole cha shahada taratibu.

— Ona. Kidole inakaa hapa. Hii ni nyumba ya bastola, maze. Mimi nimelala na bastola miaka, siwezi sahau umbo lake.

— Bastola hapana, akasema Lado.

Lado alikuwa mbeba mizigo bandarini, mtu wa Juba aliyekulia ukimbizini Arua, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Aliitwa Ripota, maana mashua kubwa za mizigo zilipotia nanga yeye alizipokea kwanza, na habari zake hazikuwahi kurudi nyuma kusahihishwa.

— Mimi iko naona sanduku kama hii kwa watu ya mabomu, ile nachimba mabomu njia ya Yei. Halafu iko naona ingine kwa mzungu moja bandarini. Ile ni mashine ya kupima mpaka. Anaweka kwa jicho, anafinya, mpaka inasogea. Wewe nalala Kusini, naamka uko Kaskazini, na kitanda ni ile ile.

— Basi ni draya ya mpaka, akasema Gedi. Wino, achana nao. Jaribu kalamu.

Onesmus akashukuru kubadilishiwa mada. Akaivua soksi kalamu ya baba yake, nyeusi, yenye pete ya shaba, akailaza kwenye shimo. Ikaogelea humo ndani. Akaitikisa kidogo, ikagonga ukutani, na moyo wake ukagonga nayo. Alikuwa ameshaona nibu ya dhahabu ikipinda kwa kuanguka kutoka mezani tu, na mtu wa kuinyosha Juba hakuwepo.

— Tutakata sponji upya, akasema. Kila moja na mfereji wake.

— Kwa nini usizitie kwenye unga? akauliza Anyieth kutoka jikoni. Mayai yanatoka Uganda kwenye maranda, hayavunjiki.

— Unga utaingia kwenye nibu, Mama Akol.

— Kava ya Biblia, akasema Makuei. Ile ya zipu. Hakuna mtu ataifungua.

— Wanafungua, Gedi akasema. Siku hizi kwenye vizuizi hata Kurani wanafungua. Wanatafuta dola.

— Chora fuvu, akasema Lado. Ile fuvu nyekundu ya mabomu. Unaweka sanduku kati ya njia mwaka mzima, hakuna mtu nagusa.

— Hakuna anayegusa, Makuei akakubali, wanailipua tu kutoka mbali.

Wakacheka, na Onesmus akacheka pia, na katika kucheka kule akajisahau. Kumwuliza mpenzi wa kalamu namna ya kuzilaza ni kumfungulia bomba, na hapa hata kuulizwa hakuulizwa.

— Tatizo si kugongwa peke yake, akasema. Ni wino. Lazima nibu ielekee juu. Ndege ikipanda, hewa iliyo ndani ya kalamu inavimba, wino unasukumwa nje. Ukizilaza hivi unafika Nairobi kofia zote zimejaa wino.

Anyieth aliacha kupepea jiko.

— Ndege gani? akauliza Makuei.

— Ndege kwa ujumla.

— Ndege kwa ujumla haifiki Nairobi.

— Naenda Krismasi, jamani. Kwani mtu haendi kwao Krismasi?

— Mwaka jana ulienda?

— Nilienda.

— Kalamu uliacha wapi?

Onesmus akaanza kuivalisha soksi kalamu ya baba yake, akakosea, akaivalisha upande usio na kofia. Mwaka jana kalamu zote zilibaki kwenye droo ya chumba chake cha kupanga, na funguo alimwachia Makuei huyu huyu.

— Mimi nimeona watu wakihama mara nyingi, Makuei akasema, sasa bila mzaha. Mtu mwenye atarudi anabeba nguo. Ukiona amebeba picha za ukutani, huyo ameenda. Hizi kalamu ni picha za ukutani.

— Ni likizo tu!

— Benki inajua kitu, akasema Lado. Mimi iko nasikia bandarini. Iko ndege mzima ya Wakenya. Wote. Na meza ya ofisi, na ile mashine ya hewa baridi.

— Uongo, akasema Gedi. Mimi nimeagiza sukari lori zima. Kungekuwa na vita ningeagiza sukari?

— Ndiyo, wakasema Makuei na Lado kwa pamoja.

— Warya! Niagize sukari nionekane mchochezi, nisiagize nionekane mkimbizi?

Lado akainua mkono. Macho yake yalikuwa yamefumbuka kama ya mtu aliyeoteshwa.

— Ngoja. Ngoja kwanza. Kura napiga na kidole, sawa? Lakini baada ya kidole, watu wakubwa naketi nasaini karatasi. Nasaini na nini? Na biro? Hapana. Karatasi ya nchi nasaini na kalamu kama hii ya Wino, ya dhahabu. Sasa kalamu natoka Juba moja moja, ndani ya soksi. Siku ya kusaini, kalamu mafi, hakuna. Nchi mafi.

Siku nyingine wangemzomea. Siku hiyo Gedi mwenyewe alizitazama zile soksi, akalivuta sanduku lake karibu kidogo.

Anyieth akaja na birika la kahawa, lakini hakumimina.

— Onesmus, akasema. Hakusema Wino. Uliniambia niwalete.

— Ndiyo, Mama Akol.

— Levi anangoja. Amesema jua likifika utosini, kama sijapiga, anaondoka na mizigo yake tu.

— Nilikwambia na bado... Mambo yatakuwa sawa. Wapigie.

— Na wewe unaondoka lini?

— Jumatatu.

Akarudi jikoni, akaketi. Onesmus alitaka kumfuata na kumweleza yote, kilio cha Millicent, ndoto zake, jinsi alivyojitupa chini ya kitanda aliposikia fataki za harusi juzi na kudhani ni risasi. Aibu ikamshikilia pale pale kwenye benchi. Akaendelea kupanga kalamu kwenye sponji, kana kwamba shimo likijaa vizuri maswali yatakwisha.

Ndipo mkokoteni ukakwama kwenye lile shimo la barabarani. Ulikuwa umejaa hadi juu: kitanda cha chuma, feni bila mabawa, masufuria, mlango mzima wa mbao na kitasa chake. Nyuma yake palikuwa na mzee mrefu mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, na mkewe akisukuma. Lado akawatambua: walikuwa wameshuka bandarini asubuhi ile, baada ya wiki nyingi mtoni kutoka Kaskazini. Makuei na Lado wakainuka, wakasukuma, mkokoteni ukatoka. Anyieth akawapa maji.

Mzee alikunywa akiwa amesimama, akiangalia benchi: sanduku wazi, sponji, soksi zimetapakaa, kalamu nusu ndani nusu nje, na wanaume wanne wenye sura za msibani. Akasema kitu kwa Kiarabu, kwa upole, kama mtu anayetaka kujua desturi za mtaa anaohamia.

— Anasema nini? akauliza Onesmus.

Lado aligeuka kwanza kulitazama benchi.

— Anauliza, hapa nyinyi iko nafungua mizigo, ama iko nafunga?

Gedi aliangalia duka lake. Makuei alikuna shavu. Mzee akangoja, kikombe mkononi, mlango wake umesimama wima nyuma yake juu ya mkokoteni.

— Nimwambie nini? Lado akauliza. Jamani, mzee nangoja.

Wote wakamgeukia Onesmus. Akafungua mdomo, akaitafuta ile sauti ya mbele ya wateja, iliyokuwa haijawahi kumkosesha jibu. Haikuja.

Anyieth alikuwa ameshaweka simu sikioni.

— Levi? Ni Mama Akol. Usiwapakie. Hapana, si leo, na wala si kesho. Warudishe Kakuma wote na bibi yao.

Akasikiliza kidogo, akamshukuru, akakata. Kisha akaja kwenye benchi, akakichukua kikombe cha Onesmus kikiwa bado na kahawa nusu, akaimwaga, akaanza kukiosha.