Ileana Mwakio na Majina ya Valea Rece

Mpendwa wetu Ileana alizaliwa tarehe 14 Mei 1942 katika kijiji cha wakulima cha Valea Rece, Saskatchewan, nchini Kanada, akiwa mtoto wa pili wa Vasile na Domnica Rusu. Kijiji hicho kilianzishwa mwaka 1903 na familia kumi na moja zilizohama kutoka Romania, ya babu yake ikiwemo. Mwaka wa kwanza walipanda ngano kwa kufuata kalenda ya kale ya kanisa lao, iliyokuwa nyuma kwa siku kumi na tatu, na jalidi ya Septemba ikaikuta ngano ingali mbichi. Majira hayo ya baridi, yenye njaa, walizika mtoto mchanga; hilo likawa kaburi la kwanza la kijiji. Mwaka uliofuata walipanda mapema, wakavuna. Tangu hapo, kila mwaka walipika ngano nzima kwa asali na kuila pamoja, baada ya kusoma majina ya marehemu wao wote, mmoja mmoja.

Alisoma katika shule ya kijiji, yenye chumba kimoja, kisha akahitimu ualimu mjini Saskatoon mwaka 1963. Huko alikutana na Elkana Mwakio, mwanafunzi wa kilimo kutoka Taita, Kenya. Walifunga ndoa Wundanyi tarehe 7 Agosti 1965, wakajaliwa watoto wawili, Linus na Mghoi.

Sokoni Wundanyi hakupata ngano nzima, hivyo akapika mahindi yaliyokobolewa kwa sukari na karanga. Mama mkwe wake akaonja.

“Mwanangu, hii ni pure. Umesahau maharage, na mahali pa chumvi umetia sukari!”

“Ni chakula cha kuwakumbuka wafu, mama.”

“Basi niongezee. Wangu ni wengi.”

Alifundisha Wundanyi hadi mwaka 1981, familia ilipohamia Peckham, hapa London. Hapa alifundisha shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita. Wengi mliopo leo aliwafundisha kusoma, na baadaye watoto wenu.

Alipostaafu mwaka 2007, Valea Rece ilikuwa imebaki tupu. Vijana walikwenda mijini, kanisa likafungwa, na misalaba ya mbao makaburini ikaanza kuoza pamoja na majina yake. Ileana alisafiri huko mara tatu, akaandika historia ya kijiji na orodha ya makaburi sitini na matatu. Jina alilolithibitisha aliliandika kwa wino. Lililobaki na shaka, kwa penseli. Kufikia mwaka 2021 penseli ilibaki kwenye mstari wa kwanza tu, penye neno moja: “mtoto”.

Mwaka huohuo figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Maumivu hakuyalalamikia. Alichohofia ni kwamba akiondoka, hakuna atakayeendelea kumtafuta mtoto yule. Mjukuu wake Wakesho, binti wa Linus, akaichukua kazi hiyo, akawaandikia wazao wa familia zote kumi na moja. Februari mwaka 2025 alijibiwa na bibi wa miaka tisini na minne, aliyelikuta jina limeandikwa nyuma ya kitabu cha sala cha mama yake.

Wakesho, ambaye siku zote huelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, aliinama kando ya kitanda hospitalini, na safari hii akasema kwa Kiswahili:

“Bibi, nimempata. Anaitwa Anica.”

“Una hakika?”

“Nimeuliza mara mbili.”

“Basi chukua kalamu ya wino.”

Ileana alifariki siku tisa baadaye, tarehe 9 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili. Ameacha mume wake Elkana, watoto Linus na Mghoi, na wajukuu wanne.

Baada ya maziko tutakula ngano ukumbini. Kwanza Wakesho atasoma orodha, kuanzia Anica. Mstari wa sitini na nne ameuandika mwenyewe, kwa wino: Ileana.

Mungu ampe pumziko lenye amani.