Nafasi ya Lindi

Ndani ya basi la mwendokasi jijini Dar, Mwanabaraka alimsikia baba mmoja aliyeketi kando yake akitangaza kwenye simu kwamba bintiye kapata ufadhili wa kusoma ng'ambo, kwa nafasi ya mkoa wa Lindi. Uzalendo ukamshinda, akaropoka. "Hongera, kaka. Wangu kaongoza shule nzima, kaachwa eti nafasi za Dar zimejaa."

"Dada, shule niliyosoma mie kule haikuwa na mwalimu wa fizikia. Tungeshindana vipi na nyie?"

"Na binti yako kasoma hukohuko?"

"Kwao ni kule! Babu yake kazikwa kule!"

"Nimeuliza kasoma wapi."

Baba akageukia dirishani. Basi liliposimama Manzese, wote wawili wakainuka. Mwanabaraka akampisha mlangoni. "Tangulia, kaka. Watu wa mikoani kwanza."