Mwamvua Khamisi, Mwanamke Aliyeomba Kona

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, dada yetu Mwamvua Khamisi anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kujenga na kampuni yetu. Wameniambia niandike kwa ufupi. Wananijua. Mimi Anna wa jikoni nimempakulia ugali miaka yote hiyo, kwa hiyo niacheni niseme.

Alitoka Kondoa mwaka 1998, tukijenga ghala kule Kizota. Enzi zile mwanamke saiti alikuwa na kazi mbili tu, kubeba maji na kupika. Mwamvua akabeba maji miaka mitatu, macho yakiwa kwa mafundi. Jioni anaokota matofali mabovu nyuma ya stoo, anajenga, anabomoa. Tulimcheka sana, na mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa kwa asiyejua ujenzi, fundi anayeaminika ndiye anapewa kona. Kona zikisimama, kamba inavutwa, wengine wanajaza katikati. Kona ikipinda, ukuta mzima umekwenda. Siku moja Mwamvua akatua ndoo, akamfuata fundi mkuu, Methusela, akaomba kona. Methusela alicheka mpaka akashika kiuno, akasema ukuta huo utapinda mpaka Kibakwe.

"Kaka Methusela, nipe hata ya chooni," Mwamvua akamwambia. "Ikipinda naibomoa mwenyewe, narudi Kondoa, hamtaniona tena."

Akapewa. Upepo wa Dodoma mnaujua. Timazi, ile kamba yenye chuma cha kupimia wima, ilikuwa inacheza tu. Alipofika kozi ya saba, yaani mstari wa saba wa matofali, Methusela akapita, akatazama, akasema safi. Tukaenda kula. Yeye hakuja. Nikampelekea sahani, nikamkuta anabomoa. Alikuwa amezamisha kile chuma kwenye ndoo ya maji kitulie, ndipo akaona kona imetoka nje kwa unene wa ukucha. Nikamwambia we dada, bosi kasema safi, nani atajua? Akang'oa tofali lingine.

Mimi na mdomo wangu, nikakimbia kumwambia Methusela. Akaja, akakuta kozi nne ziko chini na Mwamvua jasho linamtiririka. Nikajua safari ya Kondoa imewadia. Methusela akainama kwenye ile ndoo, akaitazama timazi iliyotulia.

"Malizia hii," akasema. "Kesho unaanza kona ya mbele."

Msidhani ikawa raha. Mafundi wawili waligoma kujaza katikati ya kona za mwanamke. Akajaza mwenyewe siku nne, siku ya tano wakaona aibu wakarudi. Tangu hapo amejenga shule, zahanati na maofisi mengi, na amefundisha wasichana kumi na mmoja. Mmoja ni Ruthu, ambaye hasikii. Mwamvua alijifunza lugha ya alama uzeeni ili amfundishe, na sasa wale wawili wanatusengenya juu ya jukwaa la ujenzi, sisi hatuambulii kitu. Inaniuma.

Ofisi ilipomuuliza anataka zawadi gani, tulitegemea kitenge na sanduku. Akasema anataka kona za mbele za jengo jipya la Makutupora wapewe Ruthu na Gladness, mwanafunzi wake mwingine, na iandikwe. Wakubwa wakavutana wiki nzima. Yeye akawa anakuja kila asubuhi, anakaa kwenye benchi la ofisi na kofia yake ya saiti. Jana wamesaini, nimeiona karatasi kwa macho yangu.

Dada Mwamvua, asante. Nenda Kondoa salama, Mungu akupe afya na usingizi wa mchana ulioukosa miaka yote. Jumatatu Ruthu anaanza kona ya kulia, Gladness ya kushoto.