Shangazi Rudia, Aliyepandisha Maji Mtaa wa Juu

Wazee wetu, majirani na nyote mliofika, familia imenipa nisome maisha ya shangazi yetu, ambaye kazini walimwita Rudia, na jina hilo tukalileta nyumbani kwa sababu lilimkaa kama nguo ya kushonewa.

Shangazi alizaliwa tarehe 4 Machi 1956, mtoto wa pili wa fundi cherehani, akaanza shule ya msingi mwaka 1963, na huko alichapwa sana kwa tabia moja, alikuwa anabahatisha jibu kwanza, halafu analisahihisha, analisahihisha tena, mpaka linakaa, mwalimu anamwambia wewe mtoto unapiga ramli, lakini ramli yenyewe inapata, akapata hivyo hivyo mpaka chuo kikuu, akamaliza hisabati Novemba 1979.

Tarehe 14 Januari 1980 aliajiriwa Idara ya Maji, chumba cha kompyuta, chumba kibaridi mpaka watu wanavaa masweta mchana, mashine kubwa kama kabati na kumbukumbu yake ndogo kama ya mlevi, kazi yake kujua presha ya maji kwenye kila kona mabomba ya mji yanapokutana, na kila kona inategemea majirani zake, yaani milinganyo maelfu imeshikana, ukitaka kuifungua yote kwa mkupuo mashine inalemewa, basi unaanza na namba za kukisia, kila kona inaangalia majirani, inajirekebisha kidogo, mnarudia, kama sisi kwenye mabenchi haya, huyu kasogea, yule kasogea, hakuna aliyeamuru, na wote tumeenea.

Juni 1986 likatandikwa bomba refu la kuja mtaa wa juu, ambako maji yalikuwa yanasikika redioni tu, shangazi akarudia hesabu mpaka namba zikaacha kucheza, akasema tayari, koki ikafunguliwa mbele ya watu na ndoo zao, ikapiga mluzi, ikatoa hewa, basi. Bosi akasema mtaa wa juu usubiri bajeti nyingine, na bajeti nyingine pale ni miaka, ila akampa shangazi mpaka Ijumaa. Kesho yake fundi bomba mmoja mrefu akaingia kile chumba na matope yake, akasema, dada, mashine yako inasema maji yamefika, mbona ndoo zinasema hayajafika, naye akamjibu, kaka, toa kwanza matope kwenye sakafu yangu.

Lakini lile swali lilimnyima raha, akagundua namba zake hazikusimama kwa kuwa zimefika, zilikuwa zinatambaa, maana kwenye bomba refu habari za chini zinapanda polepole, kila zamu namba inasogea unywele, unadhani imetulia kumbe iko mbali. Akaacha kuangalia namba imesogea kiasi gani, akawa anazirudisha kwenye milinganyo yenyewe aone kinachobaki, kikibaki kingi bado hujafika, na kila rekebisho akalisukuma mbele kidogo kuliko lilivyoomba, kidogo tu, ukizidisha zinapagawa. Alhamisi jibu likakaa kweli, likaonyesha kipande chembamba chini ya mlima ndicho kinakaba, fundi akakibadilisha, na Ijumaa mchana koki ikakohoa, ikatema kutu, ikamwaga maji, mama mmoja akaoga na nguo zake mbele ya bosi.

Mama huyo ndiye aliyekuja kuwa mkwe wake, kwani tarehe 12 Desemba 1987 shangazi aliolewa na yule fundi, baada ya kumkatalia mara mbili, akisema majibu yale mawili yalikuwa makisio tu, wakajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na kijana, fundi wa kuchomelea, na mwaka 2016 akastaafu.

Februari 2022 moyo ulianza kumsumbua, daktari akawa anaongeza dawa kidogo, anapima, anapunguza, shangazi akacheka, akasema huyu tumesoma darasa moja, na tarehe 9 Agosti, asubuhi, akatutoka hapa hapa nyumbani, mkono wake mkononi mwa fundi wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa idara, wengine mmekuja na masweta yenu ya zamani, Mungu awabariki, na ninyi majirani wa mtaa huu wa juu, mliopika na kuosha vyombo tangu juzi, hakuna hata mmoja wenu aliyeteremka mlima na ndoo kwa ajili ya msiba huu.

Shangazi, maji yanatoka, pumzika kwa amani yako.