Tatu ya Afande Oloya

Ndugu waombolezaji, familia inaomba radhi mapema, kwani ilitafuta msomaji mwenye sauti ya heshima ikamkosa, ikabaki na Obita, mdogo wa marehemu, mchekeshaji wa jukwaani, mtu wa kuharibu hadithi nzuri na kuzirefusha mbaya.

Marehemu Lawrence Oloya alizaliwa tarehe 14 Mei 1968 huko Gulu, kifungua mimba wa Koplo Okot na Mama Aryemo, akasomea Nsambya, familia ilipohamia kambi ya polisi, na mwaka 1989 akajiunga na polisi mwenyewe, akapangiwa bendi, akapuliza tarumbeta hata mahabusu wakaomba wasipelekwe mahakamani mpaka wimbo uishe. Tarehe 7 Desemba 1996 alimuoa Akwero, Mungu akawajalia binti mmoja, Alanyo.

Familia haitaficha lililojulikana mtaa mzima wa Kansanga, kwamba marehemu alianza kusikia sauti zisizo na wenyewe, akajaribu kuzizamisha kwa pombe kali ya waragi, nazo zikajifunza kuogelea. Mwaka 2014 Akwero alirudi kwao na mtoto, na tarehe 3 Machi 2015 marehemu akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Huko, dawa zilipomtuliza, muuguzi, Sista Nabilah, aliketi naye robo saa tu, Obita kasimama pembeni na ile hotuba yake ya miaka yote, inayoanzia kwa babu. Sista hakuhubiri, alimuuliza waragi inamsaidia nini, na marehemu, ambaye hakuwahi kuulizwa hilo, akasema usingizi. Akamuuliza inamnyang'anya nini, akajishika midomo, ilikuwa haishiki tena tarumbeta. Kisha akamuuliza, kuanzia sifuri hadi kumi, anataka kuacha kiasi gani, naye akasema tatu. Obita alikwisha kufungua kinywa kusema tatu ni aibu ya ukoo, Sista akamzuia kwa kidole, akauliza taratibu, "Afande, mbona si sifuri?" Marehemu akasema, ni kwa kuwa Alanyo hajawahi kumsikia akipuliza akiwa na akili zake.

Hakupona siku ile, alianguka mara mbili, mara zote akarudi kwa Sista, akameza dawa zake, tatu ikawa tano, tano ikawa saba, kumi hakuifikia, alisema hiyo ni ya maaskofu. Lakini Krismasi ya 2016 Akwero alirudi nyumbani, na kwenye mahafali ya Alanyo, mwaka 2024, tarumbeta ilipulizwa na baba aliyenukia sabuni tupu.

Januari 2025 alipatikana na saratani ya ini, akafariki tarehe 19 Juni, hospitali ya Nsambya, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Akwero.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomfikisha nyumbani siku alizosahau mlango, wenzake wa bendi waliomfichia tarumbeta asiiuze, na Sista Nabilah, aliyejikalia nyuma kule kama kawaida yake.

Msomaji alipewa robo saa, ileile iliyomtosha Sista kumrudisha mtu kwa watu wake, na yeye ndiyo kwanza anafika kwenye shukrani. Pumzika kwa amani, kaka, aliyekuwa akikunyima amani kwa hotuba ndiye huyu, anakaa chini.